Pawasaplai ya kompyuta uliyoifungia redio au taa: ikigoma, anza kuangalia hapa

Redio ya gari inapiga kijiweni na gari halipo. Taa za LED zinazunguka kaunta ya saluni. Drili ambayo betri yake ilishakufa bado inatoboa mbao. Vyote hivi vinakula umeme wa pawasaplai, lile boksi la bati lililong'olewa kwenye kompyuta ya zamani, linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo. Dar es Salaam maboksi haya hayaishi: ofisi zikibadilisha mashine, zile kuukuu zinaangukia kwa mafundi na wanunuzi wa chuma chakavu, na mara nyingi pawasaplai iliyomo ni nzima kabisa.

Kazi hizi nazifanyia barazani nyumbani, Tabata, na malalamiko ninayoletewa ni yaleyale. Mengi hayatokani na ubovu wa boksi. Kifaa hiki kilitengenezwa kifanye kazi na bodi ya kompyuta (ule ubao mkuu wa saketi), ambayo ilikuwa inakiwasha, inakipa mzigo na kukizima. Sisi tumekitenga na bodi hiyo, halafu tunashangaa kinagoma. Kwa hiyo karibu kila tatizo hapa chini linaanza kuchunguzwa kwa nje, kwenye nyaya, kifuniko kikiwa kimefungwa.

Kwanza kifuniko, kisha rangi

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Ukishaingia kwenye boksi unageuzwa kuwa umeme wa moja kwa moja (DC) wa takriban volti 325 na kutunzwa kwenye kapasita kubwa, vile vikopo vya kutunzia umeme. Ukichomoa kebo, kapasita hizo hubaki na umeme kwa muda, na kama saketi ya ndani imekufa, zinaweza kukaa nao muda mrefu zaidi ya unavyodhani. Umeme huo unaua. Kama hujawahi kufundishwa kupima na kutoa chaji ya kapasita, usifungue skrubu hata moja. Na usiingize bisibisi kwenye matundu ya feni.

Nyaya zinazotoka nje ndizo za kushika. Katika pawasaplai za ATX, mfumo wa kawaida wa kompyuta za mezani ulioanza mwaka 1995, rangi ni hizi: njano ni volti 12, nyekundu ni 5, chungwa ni 3.3, nyeusi ni hasi ya zote. Bluu ni volti hasi 12 (-12). Zambarau ni volti 5 zinazokuwepo muda wote kebo ikiwa imechomekwa, hata boksi likiwa limezimwa. Kijani ni wa kuwashia. Kijivu hutoa taarifa kwamba volti zimetulia. Tafuta multimita (kipimo cha volti), hata ile ndogo ya bei nafuu inatosha kwa nyaya hizi za nje.

Kimya kabisa, feni haizunguki

Hili ndilo ninaloletewa kuliko yote. Kijana mmoja alikuja nayo kutoka Mbagala ndani ya kiroba.

"Kaka, hii imekufa. Nimeichomeka kwenye umeme, haifanyi kitu."

"Umegusanisha kijani na nyeusi?"

Hakuwa anajua kama kuna jambo hilo. Nikakata kipande cha waya urefu wa kidole gumba, nikamenya ncha zote mbili, moja nikaiingiza kwenye tundu la waya wa kijani katika ile plagi pana ya bodi, nyingine kwenye tundu la mweusi jirani yake. Feni ikazunguka palepale.

Swichi ya nyuma ya boksi inafungulia umeme tu. Kinachowasha hasa ni waya wa kijani kushushwa kwenye mweusi, kazi ambayo kwenye kompyuta ilifanywa na bodi. Na lazima zibaki zimeshikana, ukiziachanisha inazima. Fungia swichi ndogo yoyote hapo, kwa kuwa umeme unaopita ni kidogo sana.

Kama kijani na nyeusi zimeshikana na bado kimya, fuata njia ya umeme. Soketi ijaribu kwa chaja ya simu. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani yake, hiyo hukatika na watu huisahau. Badilisha kebo. Hakikisha swichi ya nyuma iko upande wa alama ya mstari, si duara.

Sasa pima zambarau kwa nyeusi, kijani ukiwa umeuachia. Ukipata kati ya 4.75 na 5.25, sehemu ya akiba (ile inayotoa volti 5 za zambarau muda wote) iko hai na tatizo liko mbele, soma sehemu inayofuata. Ukipata sifuri na umeme unaingia, ama fyuzi ya ndani imekatika ama saketi ya akiba imekufa. Saketi hii ndiyo inayochoka mapema, na sababu yake ni kwamba haipumziki. Kompyuta ya ofisi ikizimwa jioni lakini kebo ikabaki ukutani, yenyewe inaendelea kuwaka usiku kucha, miaka kumi, na kapasita zake ndogo zinakauka. Hapo umefika mwisho wa kazi ya nje. Mpelekee fundi.

Mara chache nakuta rangi zinahadaa. Baadhi ya kompyuta za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitumia plagi inayofanana na ya kawaida lakini nyaya zikiwa zimepangwa tofauti. Na mashine nyingi mpya za ofisini zina pawasaplai ya volti 12 tu, huoni nyekundu wala chungwa. Soma kibandiko cha ubavuni kabla ya kugusanisha chochote.

Inawaka kama sekunde moja, kisha inazima

Feni inaruka kidogo, inasimama. Ukijaribu tena, hata kuruka hairuki. Hiyo ni kinga ya ndani, imejifunga yenyewe. Zima swichi ya nyuma, subiri nusu dakika, ndipo ujaribu upya. Watu wengi hutupa boksi zima kwa kutojua subira hii.

Chomoa mzigo wote. Ikiwaka ikiwa tupu, basi shoti iko kwako: nyaya zilizomenywa zimegusana, njano na nyeusi zimepishana, au ukanda wa LED umekatwa nje ya alama yake na shaba mbili zimegusana kwenye ncha. Nimeona sana hilo la ukanda. Tazama ncha kwa tochi ya simu, utauona uzi mmoja wa shaba, mwembamba kuliko unywele, umelala juu ya mwenzake.

Kama hakuna shoti, fikiria mzigo unaovuta ghafla. Mota ya drili wakati wa kuanza huvuta ampea mara kadhaa ya zile za mwendo. Amplifaya yenye kapasita kubwa nayo hivyo hivyo. Washa pawasaplai kwanza, ikitulia ndipo uwashe kifaa. Drili ikiendelea kuizima hata hivyo, tafuta boksi lenye ampea nyingi zaidi za volti 12.

Ikizima hata ikiwa tupu, huenda inakosa mzigo. Pawasaplai za zamani zinataka kitu kivute umeme kwenye volti 5 ndipo zitulie. Weka resista ya omu 4.7 ya wati 10, ile nyeupe ya kauri, kati ya nyekundu na nyeusi. Itavuta kama ampea 1 na kutoa joto la wati 5, kwa hiyo ifunge kwenye bati la boksi kwa nje, isiguse plastiki. Kwa kujaribu tu, balbu ya indiketa ya gari ya wati 21 inafaa, utaipata eneo la Gerezani au kwa muuza vipuri yeyote. Kwenye volti 5 itawaka hafifu na kuvuta karibu ampea 1.

Halafu kuna waya wa kahawia. Katika maboksi mengi, tundu moja la chungwa kwenye ile plagi pana lina nyaya mbili, chungwa na kahawia mwembamba. Huyo kahawia hupeleka habari ndani kwamba volti 3.3 zimefika salama. Ukikata plagi yote ili upate nyaya safi ukamwacha ananing'inia, boksi halina habari tena na linaweza kujizima. Mrudishe kwenye chungwa, lehemu, funga tepu.

Ukishafanya yote hayo na bado inazima, mulika tochi kupitia matundu bila kufungua. Kapasita zenye vichwa vilivyovimba, au utando wa kahawia uliokauka miguuni pake, ni kazi ya fundi.

Pawasaplai inazunguka lakini redio ya gari haiwaki

Hapa ndipo rangi zinapoumiza watu, na akili inayowaumiza ni ya kawaida kabisa: nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, nyeusi kwa nyeusi. Inaonekana sahihi. Sivyo.

Kwenye redio za gari nyingi, waya wa njano ni wa kumbukumbu, unataka volti 12 muda wote. Mwekundu ni ule wa swichi ya ufunguo, ulioandikwa ACC, nao unataka volti 12. Sasa mwekundu wa pawasaplai ni volti 5. Redio inapata volti 12 kwenye kumbukumbu na 5 kwenye ufunguo, inaona kama gari limezimwa, inakaa kimya. Peleka njano na nyekundu za redio, zote mbili, kwenye njano ya pawasaplai. Nyeusi kwa nyeusi. Soma pia kibandiko juu ya redio yenyewe, kwa sababu si kila kiwanda kinafuata rangi hizi.

Kuna bluu pia, na huyu ni hatari. Bluu ya redio, au bluu yenye mstari mweupe, hutoa volti 12 kwenda kuwasha antena au amplifaya. Bluu ya pawasaplai ni hasi 12. Usiziunganishe kamwe, nimeshapokea redio iliyoungua kwa njia hiyo na haikufufuka. Bluu ya pawasaplai ikate fupi, ivalishe mpira wa kuzuia umeme, iache.

Redio ikisahau stesheni kila asubuhi, ni kwa sababu unazima pawasaplai nzima na kumbukumbu inakatika. Zambarau haisaidii, ni volti 5 tu. Weka swichi kwenye waya mwekundu wa redio peke yake, ile njano ya kumbukumbu ibaki imeshika muda wote pawasaplai inapowaka.

Inaunguruma? Kabla ya kulaumu kapasita, chomoa chaja ya simu inayopiga muziki. Simu ikiwa inachajiwa ukutani na papo hapo imeungwa kwa waya wa sauti, hasi zinakutana njia mbili na kuleta muungurumo. Ukitumia simu kwa betri yake au kwa blutufu na ukimya ukarudi, umepata jibu. Muungurumo usipopotea, funga kapasita ya mikrofaradi 2200, volti 25, karibu na redio kati ya njano na nyeusi, upande wenye mstari wa hasi kwenye nyeusi. Ukikosea pande, inapasuka.

Taa hafifu, volti hazitimii

Pima palepale kwenye boksi mzigo ukiwa umewaka, kisha pima mwisho wa waya kwenye taa. Vipimo viwili hivi vinakupa nusu ya jibu.

Kama kwenye boksi ni 12 na kwenye taa ni 10, waya wako ni mwembamba au mrefu. Chukua taa za wati 48, yaani ampea 4, zilizo mita 10 kutoka kwenye boksi, kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20 za waya, zenye ukinzani wa karibu omu 0.46. Zidisha kwa 4, unapoteza volti 1.8 njiani. Sogeza boksi karibu na taa, ule mwendo mrefu upite kwenye waya wa volti 230 uliofungwa vizuri na fundi umeme. Au tumia waya mnene. Kwenye boksi nako usitegemee uzi mmoja wa njano. Unganisha tatu au nne pamoja, na nyeusi idadi hiyo hiyo.

Kama volti zimeshuka kwenye boksi lenyewe, kwa mfano 11.2, pima na nyekundu. Ukiikuta imepanda hadi 5.2 au zaidi, hiyo ni tabia ya pawasaplai nyingi za zamani: volti 12 na 5 zinarekebishwa kwa pamoja. Ukivuta nyingi kwenye njano na hakuna kitu kwenye nyekundu, moja inashuka, nyingine inapanda. Ile resista ya kauri kwenye nyekundu ndiyo dawa. Mipaka iliyokubalika ni 11.4 hadi 12.6 kwa njano, 4.75 hadi 5.25 kwa nyekundu. Nyekundu ikizidi 5.25, toa chochote ulichokifunga hapo, hasa simu.

Zote mbili zikiwa chini pamoja, unaivuta kupita uwezo, au imechoka.

Betri haijai

Haitajaa. Betri ya asidi ya bodaboda au ya sola inahitaji kama volti 14.4 ili ijae, na pawasaplai inatoa 12. Betri iliyojaa ina karibu 12.7, maana yake itaanza kusukuma umeme kurudi kwenye boksi, na boksi halina kitu cha kuizuia. Usiiunge moja kwa moja. Na wanaokuelekeza ufungue ubadilishe resista ndani ili volti zipande, usiwasikilize kama kufungua huku hukujui. Nunua chaja ya betri.

Inapata moto, inanuka, feni inalia

Feni ya boksi hili ni volti 12, na kwa joto la Januari na vumbi la barabara zetu inakufa kabla ya kitu kingine. Peperusha vumbi kwa pampu ya upepo, boksi likiwa limechomolewa tangu jana yake. Usiizibe kwa kuiweka chini ya meza yenye kitambaa, na usiifungie kwenye boksi la spika ya mbao bila matundu, kama wengi wanavyofanya ili ipendeze.

Angalia kibandiko. Namba kubwa ya wati iliyoandikwa juu isikudanganye. Soma ampea za safu ya volti 12 pekee, zidisha kwa 12, kisha panga kutumia kama nusu yake kwa kazi ya muda mrefu. Boksi jepesi mkononi kama kopo tupu silipi hata nusu hiyo.

Wanaokaa karibu na bahari, Kigamboni au Kunduchi, watakuta kutu ya kijani kwenye plagi. Plagi yenye kutu hupata joto na kuyeyuka. Kata, lehemu upya.

Na mijusi. Boksi lenye uvuguvugu usiku ni makazi mazuri kwa mjusi kafiri. Siku moja nililetewa moja ikinuka nyama iliyoungua, na kupitia matundu nikamwona amekauka, mkia huku, kichwa kule, ameunganisha sehemu mbili ambazo hazikutakiwa kuunganishwa. Ziba matundu yasiyo ya lazima kwa wavu mwembamba, lakini yale ya feni yaache yapumue. Harufu ya kuungua ikitoka, chomoa ukutani. Usitafute inatoka wapi huku umeme unawaka.

Ukigusa bati, mwili unasisimka

Hili naomba ulichukulie kwa uzito. Ndani ya boksi kuna kapasita ndogo zinazounganisha njia zote mbili za umeme na bati, ili kupunguza kelele za masafa. Waya wa ethi ukiwa mzima, umeme huo mdogo unakwenda ardhini na huhisi kitu. Ethi ikikosekana, bati linakaa na karibu nusu ya volti 230, na wewe mwenye miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji ndiye unayekuwa ethi. Nyeusi zote za pawasaplai zimeshikana na bati, kwa hiyo redio, spika na skrubu za nje vyote vinasisimua.

Sababu ya kwanza ni ekstensheni ya nyaya mbili, au plagi iliyokatwa pini ya juu. Badilisha. Ya pili ni soketi ya ukutani yenye tundu la ethi lisilounganishwa na chochote, jambo ambalo nyumba nyingi za kupanga zinalo. Hilo ni la fundi umeme mwenye leseni na la mwenye nyumba. Ya tatu ni uvujaji wa kweli ndani ya boksi: ukihisi si msisimko mwepesi bali kupigwa, chomoa na usiirudishe kwenye umeme. Weka watoto mbali mpaka hapo.

Ilipiga kishindo

Tazama nyuma. Kuna boksi zenye swichi nyekundu ndogo, upande mmoja 115, upande mwingine 230. Ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka kwetu, kapasita za ndani zinasukumiwa umeme zaidi ya uwezo wake na kupasuka, fyuzi inakatika. Kabla ya kuchomeka boksi lolote la mtumba, iweke 230 kisha uibandike tepu juu. Kishindo kingine hutokea umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu. Chomoa unapokatika, rudisha ukishatulia.

Baada ya kishindo usijaribu tena. Fyuzi ya ndani ikikatika, mara nyingi kuna transista au dayodi imekufa kwa shoti nyuma yake, na fyuzi mpya itakatika vilevile. Anayeweka uzi wa waya badala ya fyuzi anatengeneza moto. Fundi anayejua ataiwasha kwa mara ya kwanza kupitia balbu ya uzi iliyofungwa kwa mfululizo: balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo. Muulize kama anafanya hivyo.

Gharama ya fundi ikizidi bei ya boksi lingine la mtumba, kata nyaya za nje uzitunze, chukua na kebo. Kisha ziba tundu la umeme kwa tepu na uandike kwa maka pen pande zote mbili IMEPASUKA, USICHOMEKE, ndipo umpe mnunuzi wa chuma chakavu. Mimi huandika kwa herufi kubwa, kwa sababu boksi hilo litapita mikono mingi kabla ya kufika mwisho, na mmoja wao atakuwa mtoto mwenye kebo.